Fumba, fumbua: kisogo cha Adrian na ubishi wa mwaka 1934

Mwezi Mei 1934, katika mkutano wa Chama cha Fiziolojia uliofanyika Cambridge, Uingereza, profesa mmoja alijitoa apimwe mbele ya wenzake, kichwa kikiwa kimefungwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Ni Edgar Douglas Adrian, mwenye miaka 44, ambaye mwaka 1932 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Sherrington kwa kazi yao juu ya neva. Aliyeshirikiana naye kwenye kazi hiyo alikuwa Bryan Matthews, kijana wa miaka 27, fundi hodari wa vyombo vya kupimia umeme mdogo wa mwili. Adrian akafumba macho. Mstari wa kipimo ukaanza kupanda na kushuka, kama mara kumi kwa sekunde, wimbi likifuata wimbi. Akafumbua, mstari ukalala. Akafumba tena, mawimbi yakarudi. Kisha, macho yangali yamefumbwa, akapiga hesabu ya kichwa, na mawimbi yakatoweka kama vile amefumbua.

Kazi yangu ni kupima mawimbi ya ubongo. Kabla ya chai ya saa nne huwa nimeshasema "fumba macho" na "fumbua macho" mara nyingi mno, na kwa miaka mingi niliyasema kwa mazoea tu. Vijana wanaokuja kujifunza kazi hii nao huwa wamekariri sentensi moja ya mtihani: mdundo wa alfa, yaani mawimbi hayo ya kama kumi kwa sekunde, huonekana macho yakifumbwa, hupotea yakifumbuliwa. Sentensi hiyo si uongo, ila imeacha kitu kikubwa nje, na kisa cha Cambridge ndicho kilichonionyesha ni kitu gani. Kinachouzima mdundo ule si kufumbua. Ni kutazama. Hayo ni mambo mawili, na Adrian na Matthews waliyatenganisha kwa vipimo rahisi ambavyo hata leo anayeanza kazi anaweza kuvirudia.

Aliyetangulia, kule Jena

Mdundo wenyewe hawakuugundua wao. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza tarehe 6 Julai 1924, kwa kijana wa miaka 17 aliyefanyiwa upasuaji wa kichwa. Hakukimbilia kutangaza. Alipima na kurudia kwa miaka mitano, na miongoni mwa waliopimwa alikuwamo mwanawe Klaus. Ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1929. Mawimbi makubwa ya kama kumi kwa sekunde aliyaita alfa, na yale madogo yaendayo kasi akayaita beta. Kwamba alfa hufifia mtu akifumbua macho au akizama katika kazi ya akili, Berger alishaliona.

Umeme wa ubongo nao haukuwa habari mpya. Richard Caton wa Liverpool alikuwa ameripoti mwaka 1875 kwamba ubongo wa sungura na wa nyani, ukiwekewa vipimo moja kwa moja, una umeme wake. Jipya la Berger lilikuwa kuupata kwa mtu mzima wa afya aliyekaa zake kitini, kupitia mfupa na ngozi isiyochanwa hata kidogo. Hapo ndipo wengi walipotia shaka. Waliokuwa wakipima neva walizoea kuona mipigo mifupi na ya haraka. Wimbi pana la taratibu kiasi hicho halikufanana na chochote walichokijua. Adrian naye alianza kazi hii akiwa na wasiwasi.

Wasiwasi huo haukuwa wa ubishi mtupu. Mdundo wa alfa kwenye ngozi ya kichwa kwa kawaida una ukubwa wa mikrovolti 20 hadi 60, na mikrovolti ni sehemu moja katika milioni ya volti. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gawa nguvu yake mara 30,000. Kipande kimoja ni mikrovolti 50, na hicho ndicho unachokitafuta chini ya nywele za mtu. Umeme wa moyo unaopimwa kifuani ni mkubwa kama mara 20 kuliko huo. Mgonjwa akiuma meno, misuli ya taya inaujaza mstari wote hadi unakuwa mweusi. Waya uliolegea unaleta mawimbi yake. Nywele zenye mafuta zinaleta ya kwao.

Ndiyo maana mezani kwangu saa ya kwanza inaishia kwenye nywele. Mtu aliyesuka tunamwomba afumue, aoshe kichwa, asipake kitu. Natumia mkia wa kitana kupasua njia hadi ngozi ionekane, nasugua hapo kwa pamba yenye jeli ya chengachenga mpaka ngozi ipate weusi kidogo, kisha naweka elektrodi, kile kipande kidogo cha chuma kinachonasa umeme, na kuikandamiza kwa kidole. Halafu nasoma ukinzani, yaani jinsi ngozi inavyozuia umeme kupita. Ukiwa zaidi ya kilo-omu 5, naitoa na kuanza upya. Zile elektrodi mbili za kisogoni ndizo ninazozihangaikia zaidi: kwa mtu mzima ziko kama sentimita tatu na nusu juu ya kile kinundu unachokigusa nyuma ya kichwa, moja kulia, moja kushoto. Mgonjwa akilala chali anazilalia, na kichwa kikicheza kidogo tu juu ya mto, unapata mawimbi mazuri kabisa ambayo hayana uhusiano wowote na ubongo.

Kwa hiyo mtu aliyesikia kwamba daktari wa Jena ameona wimbi la kumi kwa sekunde kupitia fuvu alikuwa na haki ya kuuliza: umejuaje kwamba si kitu kingine?

Shaka ya kwanza, ya pili, ya tatu

Shaka ya kwanza ni mashine. Labda ni tetemeko la chombo chenyewe, au umeme wa ukutani unaojipenyeza. Hili linaondoka upesi. Umeme wa ukutani, Uingereza kama huku kwetu, huzunguka mara 50 kwa sekunde, na alfa ni kama 10. Zaidi ya hapo, mashine haijui kama macho yako yamefumbwa. Mdundo unaokuja na kwenda kwa kope za mtu, mara kumi mfululizo, chanzo chake kimo ndani ya mtu huyo.

Lakini jibu hilo linazaa shaka ya pili, na hii ina uzito. Kama mdundo unafuata kope, basi huenda unatoka kwenye kope! Na macho kweli yana umeme. Jicho ni kama betri ndogo, upande wa mbele ukiwa chanya kuliko upande wa nyuma. Ukifumba, mboni hupanda juu kidogo bila wewe kujua, na elektrodi za kwenye paji la uso zinaona mruko mkubwa. Kila siku nauona. Anayeanza kazi akiuona mruko ule kwa mara ya kwanza hudhani mgonjwa ameshikwa na kifafa.

Adrian na Matthews waliijibu shaka hii kwa njia mbili, na uzuri wa kisa uko hapa. Njia ya kwanza ni mahali. Walihamisha elektrodi kichwani wakitafuta mdundo unapokuwa na nguvu zaidi, na wakaukuta nyuma, kisogoni, mbali kabisa na macho, juu ya sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona. Kitu kinachotoka machoni kingekuwa kikubwa usoni na kufifia kuelekea nyuma. Huu ulikwenda kinyume. Njia ya pili ndiyo ile hesabu. Macho yamefumbwa, kope hazijaguswa, mwanga haujabadilika, na bado mdundo unapotea mtu akipiga hesabu kwa bidii, kisha unarudi akimaliza. Kope haziwezi kudaiwa jambo lililotokea zikiwa zimetulia.

Naiheshimu sana hatua hii. Wangeweza kuridhika na fumba na fumbua peke yake, kwa kuwa ilikuwa inapendeza macho na ingetosha kuwashangaza waliohudhuria. Wao wakatafuta hali ambayo ingewaumbua kama walikuwa wamekosea.

Inabaki shaka ya tatu: mwanga. Pengine ubongo wa kisogoni hauna habari na kope wala hesabu, unachojibu ni mwanga unaoingia. Fanya basi jambo ambalo halihitaji hata senti: mweke mtu kwenye giza kamili, mwambie afumbue. Mwanga hakuna. Akikodoa macho akitafuta kuona kitu, mdundo unapotea. Akikata tamaa, akaacha kutafuta, mdundo unaweza kurudi macho yakiwa wazi gizani. Na kinyume chake nacho ni kweli: macho wazi, mwanga tele, lakini mbele yake pasiwe na kitu chochote cha kushika, weupe mtupu pande zote, na baada ya muda alfa huchomoza tena. Mwanga upo, macho yako wazi, ila hakuna kinachotazamwa.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nilizofundishiwa kazi hii. Tunasema mtu amekodoa macho lakini haoni, au ameona bila kutazama, na kila mtu anaelewa. Kufumbua ni kazi ya kope. Kutazama ni kazi ya kisogo.

Matokeo yao waliyachapisha mwaka huo huo wa 1934 katika jarida la Brain la London, wakauita mdundo huo kwa jina la Berger. Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa imepuuzwa kwa miaka mitano, jina hilo kutoka kwa mshindi wa Nobel lilikuwa na thamani kubwa, na si kila mwanasayansi mwenye cheo angelitoa kwa moyo mweupe namna hiyo.

Matthews hakuwa nao

Sehemu ya kisa hiki ninayoipenda kuliko zote haitajwi sana. Katika watu wawili waliofanya kazi ile, mmoja tu ndiye aliyekuwa na mdundo mzuri. Adrian akifumba tu, mawimbi yanakuja, makubwa na yenye mpangilio. Matthews akifumba, mara nyingi mstari unabaki vile vile, au mawimbi yanatokea kidogo na kupotea. Mtu mwenye afya, mwenye akili kali, mshirika katika uvumbuzi wenyewe, na kisogo chake hakitoi kile wanachokitafuta.

Fikiria ingekuwaje kama Matthews ndiye aliyefungwa vitambaa vya kwanza, na Adrian hakujipima. Huenda wangeandika kwamba Berger amekosea.

Leo tunajua kwamba wako watu wazima wenye afya ambao alfa yao ni hafifu sana au haionekani kabisa kwenye kipimo cha kawaida, na hilo peke yake si ugonjwa. Ukubwa wake hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kwa mtu mmoja upande wa kulia mara nyingi huwa mkubwa kidogo kuliko wa kushoto. Kuna mambo mengi yanayochangia, yakiwamo unene wa fuvu na jinsi mikunjo ya ubongo ilivyokaa, na hakuna hata moja linalosema huyu ana akili kuliko yule. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeshaona ripoti ambazo mpimaji ameandika "alfa haipo" na anayesoma akatafsiri kwamba ubongo una kasoro, mgonjwa akarudi nyumbani na hofu asiyostahili. Matthews aliishi, akafanya kazi kubwa ya kisayansi hadi uzeeni, na alfa yake ilikuwa hivyo hivyo.

Walijaribu pia taa inayowaka na kuzima haraka haraka, na wakaona mdundo wa kisogoni unaweza kuvutwa ufuate kasi ya taa. Taa ya namna hiyo tunayo hadi leo kwenye kila kipimo, tukitafuta wale ambao mwanga wa kumulika huamsha kifafa chao. Na walikuwa na mdudu: mbawakawa wa majini, ambaye fundo lake la neva za macho linatoa mdundo gizani na kuvurugwa na mwanga. Kiumbe asiye na mawazo ya kumsumbua, na bado anafanana na profesa. Kwa Adrian hiyo ilikuwa dalili kwamba asitafute fikra wala nafsi ndani ya mawimbi yale, bali chembe nyingi za neva zinazopiga kwa pamoja zikiwa hazina kazi, na kutawanyika kila moja kwa lake kazi ikifika.

Hapo yeye na Berger hawakuelewana. Berger aliamini alfa ni ya ubongo wote. Adrian alisema ni ya kisogoni, ya kuona tu. Kuhusu mahali, nampa Adrian haki kwa huu mdundo wanaouzungumzia. Lakini baadaye, miaka ya 1950, Henri Gastaut wa Ufaransa alieleza mdundo mwingine wa kasi hiyo hiyo kwenye eneo la katikati ya kichwa ambao haujali macho hata kidogo, unapotea mtu akikunja ngumi. Kumbe ubongo una zaidi ya mdundo mmoja wa namna hii. Na lile wazo la kwamba alfa ni ubongo kupumzika tu, leo wengi wanaona halitoshi. Inaelekea pia ni njia ya ubongo kufunga mlango kwa habari usizozihitaji kwa wakati huo. Kwa yote hayo, vipimo vya 1934 havijatikisika. Maelezo yamebadilika, mstari ni ule ule.

Fumbua iliyogeuka

Kuna hali moja inayowachanganya wanafunzi wangu, nayo inaeleweka tu ukiwa umekishika kisa hiki vizuri. Alikuja dada mmoja aliyesafiri kwa basi usiku kucha, na alishaambiwa apunguze usingizi kabla ya kipimo. Nikamwambia afumbe. Alfa ikaja sekunde chache, ikamegeka, yakabaki mawimbi mapana ya kama tano kwa sekunde. Nikasema, "Dada, fumbua macho." Akafumbua, na alfa ikatokea, nzuri kabisa, macho yakiwa wazi. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akanigusa bega: "Mkuu, umeandika kinyume. Umeweka fumba penye fumbua."

Sikuwa nimekosea. Dada alikuwa anasinzia. Usingizi ukianza kuingia alfa hupotea hata macho yakiwa yamefumbwa, na agizo langu halikumfanya atazame, lilimwamsha nusu tu, likamrudisha kwenye kizingiti ambapo alfa huishi. Angekuwa macho kabisa, bila usingizi, kufumbua kungeizima. Nikamwinua akae, nikampa maji, nikamuuliza habari za safari mpaka akacheka, ndipo tukarudia. Safari hii mstari ulitii kama wa Adrian. Bila marudio yale, mawimbi ya kusinzia yangeweza kusomwa kama ubongo uliozembea.

Kwa hiyo naandika kila kitu kwenye mstari, pale pale kinapotokea: saa ya kufumba, saa ya kufumbua, anasinzia, amekohoa, ameulizwa swali. Mashine za siku hizi zina kitufe cha kila alama, na watu bado wanasahau.

Mwezi uliopita alikuja mtoto wa miaka tisa, ameshikwa mkono na mama yake. Mdundo wake ulikuwa wa tisa kwa sekunde, unaofaa umri wake. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia skrini, na swali lake nimeshaulizwa na wengi: "Hiyo inaona anachokiwaza?"

"Hapana, mama. Haioni anachokiwaza. Inaona tu kama anatazama."

Mtoto alikuwa amefumba, ametulia, mawimbi yanakwenda vizuri. Ghafla mstari ukalala. Kope hazikutikisika. Nikasubiri kama sekunde nane, mawimbi yakarudi, kisha yakalala tena.

"Sasa anatazama nini na macho kayafumba?" mama akaniuliza.

Nikamwacha mtoto mpaka muda wa kufumba ulipokwisha, nikamwambia afumbue, nikamuuliza alikuwa anafanya nini mule ndani.

"Nilikuwa nahesabu mbuzi wa babu," akasema. "Mmoja simwoni."